Kipofu Mlangoni

Nilipokuwa nikitengeneza simu Biwi, mtaa wa Lilongwe, kabla ya ile amri ya serikali ya Malawi ya 2023 iliyotutaka wakimbizi wa mijini turudi kambi ya Dzaleka, vijana tisa walikuwa wakija kibandani kwangu kila jioni kucheza Free Fire. Mchezo huo haubagui simu dhaifu. Walikuwa na gildi yao, yaani kundi la kuchezea pamoja, na kiongozi wao, kijana wa Uvira, aliniuliza swali ambalo sijalitua hadi leo: "Kaka, gildi yenye watu wengi na bando la kutosha inakusanya alama, inapewa zawadi na mchezo wenyewe, inazidi kuvuta watu. Sisi bando linatuishia saa mbili usiku. Aliyeutengeneza huu mchezo, sisi anatuona?"

Nikamsimulia EVE Online, mchezo wa vyombo vya anga wa kampuni ya CCP ya Iceland. Mwaka 2007 ilibainika kuwa mfanyakazi wake mmoja, mchezaji katika muungano wenye nguvu nyingi, alijipatia kwa siri michoro adimu ya kuundia vifaa. Wachezaji waliwaka. Mwaka uliofuata likaanzishwa baraza la wachezaji linalochaguliwa kwa kura, na wajumbe wakaalikwa Reykjavik kukaa meza moja na waundaji. Ila kura hufuata wingi: miungano mikubwa hujipanga na kujizolea viti.

Hilo Dzaleka tunalijua. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi hivi. Leo tumepita 50,000, na sisi Wakongo ndio wengi. Kikao kikiitwa, sauti zetu zinajaa, na Mwethiopia aliyekaa nyuma anaondoka na neno lake mdomoni. Hakuna aliyemkataza kusema.

Mimi ni Mwislamu, na nikiwaza haki ya mwenye kuumba, narudi kwenye Sura Abasa, nayo nilimsimulia pia yule kijana. Mtume (s.a.w.) alikuwa na wakubwa wa Makureshi, akitumaini kwamba wakisilimu watafuatwa na watu wao. Akaingia Abdullahi bin Ummi Maktum, kipofu, akiomba afundishwe. Mtume akakunja uso. Kipofu asingeweza kuuona uso ule. Mungu aliuona, na akamkanya Mtume Wake. Nasisimka kila nikifika hapo, kwa sababu hesabu ya Mtume ilikuwa ya busara kabisa na nia yake njema, na bado haikupita.

Basi mwundaji anayepima msaada wake kwa ukubwa wa kundi hajaiba kama yule wa 2007, lakini kuna mtu amemkunjia uso. Watasema kundi kubwa limejijenga kwa jasho. Kweli, na jasho hilo limeshalipwa: ndio ushindi wenyewe. Kumwongezea mshindi mkono wa mwenye mchezo ni kumlipa mara ya pili kwa fungu la wengine. Gildi ya watu tisa ikilalamika, ijibiwe kama ile ya hamsini, na zawadi zifuate uhodari wa mchezaji mmojammoja. Hilo ni deni. Si sadaka.

"Na yule kipofu," kijana akaniuliza, "akawa nani?"

Nikamwambia Mtume alikuwa akimpokea kwa heshima, na mara kadhaa alipotoka safari alimwachia Madina aisimamie. Adhana ya alfajiri pia ilikuwa yake. Katika Ramadhani, watu waliacha kula waliposikia sauti yake.

Akachomoa simu kwenye chaji, akaenda kuwaita wenzake wanane.