Jumba la Mwaka Gani?

Siku ya Krismasi ya 2020, mafundi wakiwa kazini, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, katika Mji Mkongwe wa Unguja, iliporomoka. Watu wawili walifariki. Jumba alilojenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, likitazama bahari pale Forodhani, likabaki kifua wazi.

Tangu siku hiyo michoro ya Mji Mkongwe imebadilika bila wino wake kuguswa. John da Silva, mchoraji wa Unguja mwenye asili ya Goa, alitumia miaka mingi akichora majumba na milango ya mji huo. Kazi kama zake zilinunuliwa kuwa pambo la sebuleni. Sasa zinaitwa kutoa ushahidi.

Ushahidi wa nini, hasa?

Tazama anachokiona mchoraji akisimama mbele ya nyumba ya kichochoroni. Mlango wa mbao mbili, katikati mfaa uliojaa nakshi. Pembeni baraza, imelainika kwa kukaliwa. Juu yake lipu imebanduka na mawe ya matumbawe yamechungulia. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe hayo na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyopima chumba: mti ukiishia hapo, na ukuta uwe hapo, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Barghash alileta nguzo na mihimili ya chuma, akapata kumbi pana ambazo mkoko usingeweza kuzibeba.

Chokaa nayo haitaki kusahauliwa. Mvua ikipenya, boriti huoza na ukuta hupata ufa. Fundi huja, akang'oa, akatia nyingine, akapaka upya. Basi nyumba ni mawe yake, au ni umbo lake? Ikiwa ni mawe, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimekwisha kufa kipande kwa kipande, na wenyewe wangali wanaishi ndani. Ikiwa ni umbo, limo kwenye karatasi salama salimini, na hakuna haja ya kulia. Lakini nani amewahi kupumzika kwenye baraza ya karatasi?

Beit al-Ajaib yenyewe inazidisha utata. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza ziliyapiga mizinga majengo ya kasri kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, likabomoka. Mnara uliokuwa umesimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibiwa vibaya. Matengenezo yaliyofuata yakaleta mnara wa saa ulioshikana na uso wa jumba. Kwa hiyo mchoro wa miaka ya Barghash na mchoro wa karne ya 20 haifanani, na hakuna unaosema uongo. Sura ambayo wengi waliiomboleza 2020 haikuwa ile aliyoizoea Barghash.

Kusini mwa kisiwa, Kizimkazi Dimbani, swali hili la mawe na umbo limepata jibu la namna nyingine. Msikiti wake una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya karne ya 18, na juu kuna paa la bati. Mgeni anayetafuta ukale hushangaa kuona msikiti wa kawaida. Anayeingia kuswali haulizi jiwe lipi ni la lini. Kwake msikiti ni mahali pa ibada, na kuta zimewekwa kuihudumia ibada hiyo. Zikichoka, hujengwa nyingine.

Hata hivyo, waliojenga upya hawakuyafuta maandishi yale. Waliyaacha ndani ya jengo lao, mwaka wa wenzao ukisomeka.

Pengine hapo ndipo fundi wa Beit al-Ajaib anapoweza kukutana na mchoraji. Mchoro unaweza kumwonyesha dirisha lilikaa wapi na mnara ulisimama vipi. Hauwezi kumgeuza kuwa fundi wa 1883. Atakachosimamisha ni jumba lake, kwa mikono yake, na si aibu. Ubaki ukuta mmoja wa kuandika mwaka wa kazi hiyo, chini ya miaka 1883 na 1896, na karibu yake tarehe 25 Desemba 2020, pamoja na majina ya wale wawili ambao hawamo katika mchoro wowote.