Nani Aliyempa Mtoto Kikombe?

Baba Askofu anapozuru parokia zetu ili kutoa Sakramenti ya Kipaimara, kanisa hujaa tangu mapema. Watoto huja wamevaa nguo nyeupe, wasimamizi husimama nyuma yao, na mmoja mmoja hupakwa Krisma takatifu katika paji la uso. Twafurahi, na ni haki yetu kufurahi, maana siku ile mtoto hupokea nguvu za Roho Mtakatifu apate kuwa askari hodari wa Kristu.

Lakini hebu tumfuate mtoto huyo mpaka nyumbani kwao. Turubai limefungwa, mbuzi amechinjwa, mapipa ya mbege yamejaa na kreti za bia zimepangwa ukutani. Ifikapo saa kumi, mjomba amwita mtoto mbele ya wageni na kumtia glasi mkononi: "Leo umekuwa mtu mzima. Onja!" Mtoto aonja, akunja uso, na wageni wacheka na kupiga vigelegele. Mama acheka pia. Asubuhi alitiwa mafuta matakatifu. Jioni ametiwa pombe. Waliomtia pombe si wapagani wala wahuni, bali ni wale wale waliomsindikiza kanisani.

Ndugu wasomaji, tumezoea kulalamika kwamba vijana wa siku hizi wamepotea kwa ulevi. Twawalaumu wenye vilabu, twailaumu serikali, twawalaumu marafiki wabaya. Lawama hizo si za bure. Walakini yatupasa kwanza kujiuliza swali moja: Kikombe cha kwanza mtoto alipewa na nani? Mara nyingi mno jibu litatutia haya.

Tusieleweke vibaya. Kanisa halifundishi kwamba divai au pombe ni kitu kiovu kwa asili yake. Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai katika arusi ya Kana, na divai hutolewa altareni kila siku. Wala hatuwalaumu wazee wetu kwa mbege ya Kilimanjaro, rubisi ya Bukoba au ulanzi wa Iringa. Wazee walikuwa na adabu yao. Katika makabila mengi pombe ilikuwa kitu cha wakubwa, cha arusi, cha mapatano na cha kazi ya pamoja. Kijana hakuketi kunywa na babaye kama rika lake. Sisi tumeiweka pombe na kuitupa adabu yake.

Wengine husema: "Ni kidogo tu, hakimdhuru." Wengine husema: "Mimi nilionjeshwa nikiwa mdogo, na mbona ni mzima?" Kwa hao twajibu kwamba waliovuka salama mto wenye mamba hawawezi kuwasemea walioliwa. Waganga watufundisha kwamba ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka kama miaka 25, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile inayotuwezesha kujizuia na kupima matokeo ya matendo yetu. Kumpa mtoto kileo ni kumdhoofisha mlinzi kabla hajajifunza kulinda. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, kama 40 katika kila 100 walipata kuwa watumwa wa pombe wakati fulani wa maisha yao. Miongoni mwa wale waliongoja mpaka miaka 20 au zaidi, walikuwa kama 10 tu.

Tena tuna ushuhuda wa mtu mmoja, si hesabu tu. Mwaka 1868 mtoto wa miaka 12, jina lake Matt Talbot, aliajiriwa katika ghala la wauza vileo mjini Dublin, katika nchi ya Ireland. Babaye alikuwa mnywaji. Mtoto akaanza kuonja, na haukupita muda mrefu akawa mlevi. Kwa miaka kama 16 mshahara wake uliishia kilabuni. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, aliweka ahadi ya kuacha pombe, kwanza kwa miezi 3, na mwishowe kwa maisha yake yote. Alidumu katika kazi za mikono, sala na kufunga mpaka alipofariki njiani akienda Misa, mwezi Juni 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alitangaza kwamba fadhila zake zilikuwa za kishujaa. Twamshukuru Mungu kwa uongofu huo. Lakini ni watoto wangapi walioanza kama Matt wasipate kurudi kama yeye?

Hata sisi tumekwisha kuyaona matunda. Mwanafunzi asinzia darasani, kisha aacha shule. Binti adanganywa akiwa hana fahamu zake, na kesho aamka na mzigo wa maisha. Kijana apanda pikipiki hali amelewa, naye aliyekuwa tegemeo la mamaye arudishwa nyumbani katika sanduku. Jamii inayolewesha watoto wake yala mbegu iliyopaswa kupandwa.

Serikali imefanya sehemu yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania imekataza kumwuzia kileo mtoto, yaani mtu aliye chini ya miaka 18. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 vilipigwa marufuku viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ndogo na kufichika kwa urahisi katika mfuko wa sare ya shule. Lakini hakuna polisi anayeweza kuketi katika kila sherehe ya Komunio ya Kwanza. Huko mlinzi ni baba na mama.

Tumkumbuke kuhani Eli. Wanawe Hofni na Finehasi walitenda maovu penye hema takatifu. Eli alijua. Aliwaonya kwa maneno, lakini hakuwazuia. Watoto wote wawili wakafa siku moja, naye mzee aliposikia habari ile ya vita, na ya kwamba sanduku la Mungu limetekwa, akaanguka kitini akavunjika shingo. Mungu hakumhukumu Eli kwa kutojua, bali kwa kujua na kuacha.

Basi tufanye nini? Kwanza, sherehe za Ubatizo, Komunio na Kipaimara ziwe za mtoto kweli. Togwa ipo, maji ya matunda yapo. Hakuna mgeni atakayekufa kwa kukosa bia siku moja. Pili, tusiwatume watoto kilabuni kutununulia pombe, maana mguu uliozoea njia huirudia hata usipotumwa. Tatu, Mkristu mwenye duka au kilabu na ajue kwamba fedha aliyopata kwa kumwuzia mtoto kileo haitakasiki kwa kutiwa katika kikapu cha sadaka. Na alipeleke jambo hilo katika Kitubio. Nne, makatekista wawafundishe watoto wa Kipaimara kuahidi mbele ya altare kutokunywa mpaka watimize miaka 18, nao wazazi wasimame pamoja nao wakiahidi kuwasaidia.

Nanyi vijana, msidanganyike kwamba glasi humfanya mtu kuwa mkubwa. Mkubwa ni yule awezaye kusema "Sitaki" mbele ya mjomba wake, kwa heshima, na kuketi tena mahali pake.

Siku moja kila mmoja wetu ataulizwa na Bwana habari za wadogo aliokabidhiwa, naye Bwana alisema maneno makali juu ya wale wanaowakosesha. Atujalie neema ya kuwa na jibu. Na sherehe ijayo, kabla mkono haujanyosha glasi, mtu mmoja katika ukoo na athubutu kuushika.