Anayeuliza Naye Aulizwe

Mimi hulipwa kwa neno. Kazi yangu ya majuzi ilikuwa kunyoosha lugha ya mwongozo wa mafundi wa kituo cha data, sura ya kuunganisha swichi mbili za mtandao wa hifadhi, zile zinazopitisha data kati ya seva na madiski. Chuo niliacha njiani, kwa hivyo kila ukurasa niliusoma mara tatu. Mle ndani nikakutana na swali ambalo si la mafundi peke yao: kumwambia mtu athibitishe yeye ni nani, ni kumdharau?

Swichi hufanya hivi. Bila ulinzi, swichi ngeni ikichomekwa kebo inaweza kujiunga na mtandao na kuanza kufikia vitu vya wenyewe. Basi fundi huweka siri pande zote mbili, kwa itifaki inayoitwa DH-CHAP. Kebo ikiunganishwa, swichi ya kwanza hutuma namba ya kubahatisha. Ya pili huichanganya na siri, hupiga hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, kisha hutuma jibu. Ya kwanza nayo hupiga hesabu ileile. Majibu yakilingana, karibu ndani. Siri yenyewe haijapita kwenye kebo hata herufi moja.

Linganisha na wale matapeli wanaokupigia wakijiita huduma kwa wateja, halafu wanataka uwatajie PIN. Mwenye haki ya kukutambua hana haja ya kuisikia siri yako.

Kilichonishika zaidi ni kwamba siri huwa mbili. Kila swichi ina yake ya kujibia, na mwongozo unasisitiza zisifanane. Mbona? Zikifanana, tapeli anaweza kuchukua swali ulilomuuliza, akakurudishia kama lake, akangoja ujibu, kisha akakupa jibu lako mwenyewe. Umemfungulia mlango kwa ufunguo wako. Zikiwa mbili, kila upande unauliza na kila upande unajibu.

Sisi Kenya tumezoea kuulizwa tu. Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kubeba kipande, na wengi walikitia kwenye kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mlowezi aliyekiitisha hakubeba chochote cha aina hiyo. Mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande, na sidhani ni bahati mbaya.

Kuna jengo moja mjini ambako mimi hupeleka kazi. Askari wa getini huchukua kitambulisho changu, ananiandikisha jina na namba ya simu kwa daftari kubwa lililo wazi mezani. Anayefuata kwa foleni anasoma yote. Siku moja nikamuuliza daftari likijaa linaenda wapi. Akacheka. "Wewe andika tu, boss."

Rafiki yangu injinia ananiambia nisizidishe mambo: swichi haina utu, haioni aibu, na swichi iliyoibwa ikiwa na siri yake itajibu vizuri tu. Ni kweli. Kujua siri hakumfanyi mtu kuwa mwema. Lakini waliobuni utaratibu huu walikubali jambo ambalo wenye mageti hawajalikubali, kwamba hatari inaweza kutoka upande wowote, hata wa anayeuliza. Kuulizwa hakunidharau. Kinachonidharau ni kuulizwa na mtu ambaye yeye haulizwi.

Baadhi ya swichi zina mpangilio ambapo swichi haiulizi kamwe, ila ikiulizwa hujibu. Wengi wetu tumelelewa hivyo: nyoosha mkono, toa kitambulisho, nyamaza. Mpangilio huo unaweza kubadilishwa. Kitambulisho nitaendelea kutoa, na swali la daftari nitaendelea kuliuliza, hata foleni ikinung'unika.