Ushahidi wa Maumivu

Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijua maiti, na kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hizi mbili zapatana katika neno moja: maumivu hayana shahidi ila aliyepatwa nayo. Jicho huona jeraha, sikio husikia kilio, mkono hupima joto la mwili. Lakini uchungu wenyewe hukaa katika chumba asichoingia mgeni. Ikiwa ndivyo, mtu asiyeumwa ana wajibu gani kwa mtoto asemaye kuwa anaumwa, hali hapana alama yo yote mwilini ya kumthibitisha?

Swali hili huulizwa kila siku katika nyumba zenye mtoto wa selimundu. Huu ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama pamoja. Chembe nyekundu zipungukiwapo na oksijeni hupinda zikafanana na mundu, hukakamaa, na kuziba mishipa midogo. Ndipo maumivu makali yanaposhika mifupa, mgongo, kifua au tumbo, kwa saa kadha au siku kadha. Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza chembe hizi mwaka wa 1910, na mwaka wa 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa asili ya ugonjwa ni hitilafu katika hemoglobini. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka.

Na afikiriwe binti wa miaka 9. Jumatatu aliruka kamba na wenzake. Jumanne hawezi kuinua mguu. Goti halikuvimba wala ngozi haikuchubuka. Mwalimu aikumbuka kamba, akautilia shaka mguu. Shaka yake haikosi hoja. Watoto huweza kusingizia ugonjwa ili wakwepe hesabu, na malezi ya huruma tupu hudhoofisha tabia. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Lakini hoja hii yafaa ipimwe kwa mizani. Akiaminiwa mtoto mwongo, hasara ni somo la siku moja. Asipoaminiwa mtoto mkweli, hukosa dawa, maji na mapumziko, kisha hujifunza kuwa kusema hakumfai kitu. Funzo hilo ni la hatari, maana katika selimundu homa, maumivu ya kifua na uvimbe wa ghafula wa bandama huweza kuua upesi, na mtoto aliyezoea kunyamaza huzinyamazia dalili hizo pia. Basi mwenye hekima huamini kwanza, akachunguza baadaye. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilipoieleza upya maana ya neno hilo mwaka wa 2020, kilikiri kuwa maelezo ya mtu juu ya maumivu yake yapasa kuheshimiwa.

Hata hivyo kuamini ni mlango, na nyumba iko mbele. Yuko mzazi ambaye huruma yake humfungia mtoto ndani, ikamkataza shule, mchezo na kazi. Mzazi huyu naye hudhulumu, kwa kuwa ugonjwa ulidai siku chache, yeye akaupa maisha yote. Hapa ndipo methali ya mchelea mwana ipatapo mahali pake pa haki. Msaada bora aghalabu ni wa vitu vidogo: chupa ya maji juu ya dawati, ruhusa ya kutoka pasipo kuulizwa mara mbili, sweta siku ya baridi, chandarua usiku, dawa kwa saa yake, kliniki kwa siku yake, na daftari la rafiki la kunakilia masomo yaliyompita.

Pana tena deni lisilotajwa. Mwaka wa 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa uchunguzi wa Afrika Mashariki kuwa mtu aliyeirithi sifa hii kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Kwa hiyo wengi wameishi nyuma ya ngao ambayo gharama yake hulipwa na mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili. Hapana aliyeipanga biashara hiyo, wala mama apaswaye kulaumiwa kwayo. Lakini jamii iliyofaidi kivuli cha mti haiwezi kusema kuwa mizizi yake haiihusu. Mtoto huyo akiombapo nafasi ya kupumzika haombi sadaka, aomba haki.

Methali ya kaburi ni ya kweli, ila ina mpaka wake. Maiti hujua adhabu yake na hawezi kuisema. Mtoto yu hai, na anasema. Anayemsikiliza hatayajua maumivu yale kama yeye ayajuavyo, lakini hatamwacha peke yake pamoja nayo.