Adabu ya Kukumbuka

Mtumishi mwema hangoji kuambiwa kila asubuhi meza iwekwe wapi. Aliambiwa jana, basi leo ajua. Adabu hiyo twaitaka pia kwa programu ya kompyuta. Mtu hulipanua dirisha la kazi yake, akalisogeza upande aupendao, kisha jioni akalifunga. Kesho akilikuta limerudi katikati ya kioo, dogo kama lilivyokuwa awali, hana budi kuanza upya. Hasara ya wakati ni sekunde chache, lakini hasara ya heshima ni kubwa zaidi: alichagua, na uchaguzi wake umehesabiwa si kitu.

Kwa hiyo kukumbuka ni wajibu. Lakini wajibu huu una masharti mawili.

La kwanza ni kutazama kabla ya kuketi. Programu huweka namba nne: umbali kutoka kushoto, umbali kutoka juu, upana na kimo. Mwenye vioo viwili akiondoa kimoja, namba zile hubaki sahihi kwa jana na batili kwa leo. Dirisha laweza kufunguka mahali pasipokuwapo tena, mwenyewe akalitafuta asilione. Mfumo wa Windows una amri iitwayo SetWindowPlacement, ambayo hulirudisha machoni dirisha lililoelekezwa nje kabisa ya kioo. Huo ndio uangalifu upasao. Uaminifu kwa jana usioitazama leo ni ukaidi.

La pili ni kujua mahali ni pa nani. Katika mfumo wa X11, uliotolewa mwaka 1987, programu iliweza kuomba mahali pa kukaa na kujua ilipo. Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008, uliinyima programu ya kawaida mambo yote mawili. Kupanga madirisha kukawa kazi ya msimamizi wa kioo kizima. Wako walioona kuwa wamedhulumiwa. Mimi sioni dhuluma katika katazo lenyewe, kwani mgeni hajichagulii chumba katika nyumba ya watu. Lakini mwenyeji amkatazaye mgeni kuchagua, kisha akasahau alipomlaza jana, ametwaa haki akatupa wajibu. Atwaaye madaraka ya kupanga hutwaa pamoja nayo deni la kukumbuka.

Hukumu hii haiishii katika mashine. Kila mwenye kuwapangia wengine mahali pao na aulizwe mambo mawili: je, wakumbuka walichokichagua? Na je, umetazama kama mahali pale pangalipo?