Mtoto Aitwe Nani?



Ugomvi wa jina la mtoto haukuanza leo. Mwinjili Luka anatueleza kwamba siku ya nane, majirani na jamaa walipokusanyika nyumbani kwa Zakaria kumtahiri mtoto, walikuwa wamekwisha kulipanga jina wenyewe: aitwe Zakaria kama babaye. Elisabeti akakataa, akasema ataitwa Yohane. Wakamwambia hakuna mtu wa ukoo wao mwenye jina hilo, kisha wakamwacha pale, wakamgeukia mume kumwuliza kwa ishara yeye anataka nini. Zakaria, aliyekuwa bubu miezi yote hiyo, akaomba kibao, akaandika jina lile lile alilosema mkewe. Papo hapo ulimi wake ukafunguka (Lk 1:57-64). Jamaa walimwendea mume ili wamshinde mke, wakakuta watu hawa wawili wana neno moja.

Mtasema wao waliletewa jina na malaika. Ni kweli. Sisi tunaletewa na shangazi.

Tumepokea barua ya mama mmoja anayekaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto akiwa mvulana, kwa desturi ya Wakikuyu ataitwa kwa jina la baba mzazi wa mume, na mume amekwisha kusema hapo hakuna mjadala. Lakini mzee huyo, enzi za uhai wake, alimtesa sana mkaza mwanawe. Miaka saba aliyokaa bila mtoto alimwita tasa mbele ya wageni, akamshauri mwanawe aoe mke mwingine, na siku moja akamtupia vyombo vyake nje ya boma. Mama anauliza: atawezaje kumwita mtoto aliyemlilia Mungu miaka saba kwa jina la mtu aliyemcheka kwa kukosa mtoto? Akimwambia mumewe hivyo, mumewe hujibu kuwa Mkristo husamehe.

Hili si jambo la kujibiwa kwa sentensi moja. Tuanze na yaliyo mepesi.

Kila mzazi ana majina anayoyapenda tu, na ana jambo moja au mawili asiyoweza kuyaachilia. Wengi wetu tunayachanganya haya. Mmoja anataka jina alilolisikia kwenye televisheni. Mwingine anataka watoto wote waanze na herufi moja. Baba fulani anataka jina la mchezaji wa mpira, na kabla mtoto hajaota meno mchezaji amehamia timu wanayoichukia. Wengine huchukua jina zuri la kawaida wakaliongezea herufi tatu lionekane la pekee, na mtoto atatumia maisha yake yote kuwasahihisha makarani. Haya ni mapendeleo. Yanaruhusiwa, na kwa ajili ya amani ya nyumba huachiliwa.

Je, Kanisa linadai nini? Linadai machache kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wasipokubali, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu na kuandika yote mawili kitabuni. Sheria ya mwaka 1983, kanuni 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu lisitolewe jina lisilopatana na roho ya Kikristo. Katekisimu inasifu desturi ya kumpa mtoto msimamizi mtakatifu, nasi tunaisifu pia. Lakini katekista anayemwambia mama kuwa Wafula au Atieno ni majina ya kipagani amepitwa na wakati. Kizito, aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886 akiwa mdogo kuliko wenzake, tunamwita hadi leo kwa jina alilopewa na wazazi wake Waganda, na vivyo hivyo Gyavira na Mugagga. Mwaka 1964 Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu, majina hayo yakawa majina ya watakatifu. Na Mwenye Heri Irene Stefani, aliyetangazwa huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015, waamini wa huko wanamjua zaidi kwa jina Nyaatha, alilopewa na Wakikuyu wenyewe kwa huruma yake.

Basi jina la ukoo si adui wa ubatizo. Desturi zetu zina hekima kubwa ndani yake. Kwa Wakikuyu, mvulana wa kwanza huchukua jina la babu wa upande wa baba na wa pili la babu wa upande wa mama. Wasichana hufuata bibi zao kwa mpango ule ule. Hakuna upande unaosahauliwa. Kwa Wajaluo, pamoja na Otieno wa usiku na Okoth wa mvua, liko jina la mzee aliyefariki ambalo pengine hudaiwa kwa ndoto. Mjane mkongwe humwita mjukuu wake "mume wangu" na mtoto hucheka, na mjane naye hupata cha kumchekesha. Sisi Wakristo hatusadiki kuwa babu amerudi ndani ya mtoto. Tunasadiki ufufuko wa wafu. Lakini kumkumbuka mzee kwa jina ni njia njema ya kutimiza amri ya nne.

Ndugu mume, mpaka hapa unaona tunakuunga mkono. Sasa sikiliza.

Yakobo alikuwa safarini, karibu kufika Efrata, mkewe Raheli aliposhikwa na uchungu mgumu. Roho yake ikitoka, Raheli akamwita mtoto Benoni, maana yake mwana wa uchungu wangu. Yakobo hakukubali. Akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume (Mwa 35:16-19). Yakobo alimpenda Raheli kuliko kitu chochote, na hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Hata hivyo aliona kuwa mtoto hapaswi kuubeba msiba wa wazazi wake kila aitwapo kwenda kula.

Ukimlazimisha mkeo, mwanao ataandikwa kwa jina la baba yako, lakini masikioni mwa mama yake ataitwa Benoni. Heshima gani hiyo kwa mzee? Na kuhusu msamaha: ni kweli tumeamriwa kusamehe, lakini msamaha huombwa, haunyang'anywi. Umewahi kumwambia mkeo kwamba baba yako alimkosea? Siku ile vyombo vilipotupwa nje, wewe ulisimama wapi? Barua haisemi, nasi tunaona kwamba hilo ndilo linalomwuma mama huyu kuliko jina lenyewe. Marehemu hawezi tena kuja kumwomba radhi. Wewe unaweza kusema kwa niaba ya nyumba ya baba yako, na kwa niaba yako mwenyewe ikiwa ulinyamaza. Sema hivyo kabla ya kutaja jina lolote, na usiseme kama bei ya kununua jina.

Mama, nawe tuna neno kwako. Usichague jina lingine kwa kisasi. Mtoto akipewa jina kwa kusudi la kuukomoa ukoo wa mumeo, huyo naye ni Benoni, ila uchungu umebadilishiwa nguo. Ukisema huwezi, sema hivyo kwa mumeo mkiwa wawili, kwa utulivu, wala usipeleke habari kwa mama yako kwanza. Kufikiria pia kwamba jina hilo si mali ya mzee yule peke yake ni jambo linaloweza kukusaidia. Kwa desturi yenu yeye mwenyewe alipewa kwa ajili ya mtu mwingine, na huyo kwa ajili ya mwingine. Huenda miongoni mwao walikuwamo wema ambao hukuwajua. Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudan alipewa jina Bakhita na watu waliomteka utumwani. Yeye alilibeba mpaka likawa takatifu, na tangu alipotangazwa mwaka 2000 wazazi wanawabatiza binti zao kwa jina hilo. Hatukuambii haya ili kukulazimisha. Kama bado jeraha ni bichi, ni bichi, na hakuna dhambi katika kusema "bado".

Tunavyoona sisi, mume akikiri na mke akaridhika, mpeni mtoto jina la babu, na jina la ubatizo alichague mama peke yake, bila shangazi yeyote kuongeza neno. Mke asiporidhika, mtoto asipewe jina la mzee huyo safari hii. Wapo mvulana wa pili na wa tatu, Mungu akipenda, na wapo watoto wa ndugu wa mume. Mume ndiye atakayekwenda kuwaeleza wazee, naye aseme "tumeamua", wala asiseme "mke wangu amekataa".

Wasomaji wengine mlio katika hali kama hii, zungumzeni mapema, mimba ikiwa na miezi mitano au sita, si siku ambayo muuguzi anasimama kando ya kitanda na kalamu. Baba asiende kuandikisha jina kwa siri wakati mama hajapata nguvu. Jina la kadi ya ubatizo na la cheti cha kuzaliwa yaandikwe kwa herufi zile zile, maana tofauti ndogo humsumbua kijana anapotafuta kitambulisho akitimiza miaka 18. Na mkifika siku ya kujifungua hamjaafikiana, mpakateni mtoto wenu mwendelee kuzungumza. Nyumbani kwa Zakaria nako walingoja siku nane.