Kampuni Inakujua, Je, Nyumbani?



Katika biashara ya fedha kuna kanuni moja: mjue mteja wako. Benki haikufungulii akaunti bila kitambulisho. Kubeti kwa simu nako ni hivyo hivyo. Hapa kwetu pesa nyingi za kubeti hupitia M-Pesa, na laini ya M-Pesa husajiliwa kwa jina na nambari ya kitambulisho. Sababu ni nzuri: kuzuia walio chini ya miaka 18, na kuzuia pesa za wizi zisisafishwe huko.

Sasa angalia. Baba wa nyumba anabeti saa nane usiku. Kampuni inajua jina lake, dakika aliyoweka pesa, na kila shilingi aliyopoteza tangu Januari. Mkewe aliyelala kando yake hajui lolote. Asiyempenda anamjua, anayempenda hamjui. Hapo kuna kitu kimepinduka.

Wengine watasema, pesa ni zangu na faragha ni haki yangu. Ni kweli. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na si kila mtu anafaa kusoma simu yako. Lakini faragha na maficho si kitu kimoja. Jiulize tu: ninaficha ili nisiumizwe, au ninaficha ili nisizuiwe?

Kule Uingereza, tangu 2019, kampuni lazima zithibitishe jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa kabla mtu aanze kucheza mtandaoni. Tena kuna mpango unaoitwa GAMSTOP. Aliyeshindwa kujizuia anajiandikisha mwenyewe, na kampuni za mtandaoni zenye leseni ya huko zinamfungia mlango. Lakini anafungiwa kwa jina lake. Anayecheza kwa jina la mwingine, nani atamfungia? Na anayekimbilia kasino za sarafu za kidijitali ambazo haziulizi jina, akidhulumiwa atalalamika kama nani? Mahali ambapo hakuna anayekujua ndipo pia hakuna anayeweza kukushika mkono.

Wazazi, kijana akikuomba kitambulisho "nisajili laini tu," uliza laini ni ya kazi gani. Deni la Fuliza likija, litakuwa kwa jina lako. Na ukimpa ukijua ni ya kubeti, wewe ndiwe uliyemfungulia mlango ambao sheria ilikuwa imeufunga.

Yakobo aliingia kwa babake na nguo za Esau, ngozi za mbuzi mikononi. Isaka alimgusa, akamnusa, akaridhika. Uthibitisho ulipita! Lakini Yakobo alitoroka nyumbani, akatumika kwa Labani miaka 20. Usiku ule wa Yaboki aliulizwa jina lake, na safari hii hakusema Esau. Jina jipya alilipata baada ya kutaja lake la kweli.

Kwa hivyo, mpendwa, kama jambo hili linakugusa, wiki hii chukua taarifa yako ya M-Pesa, keti na mtu mmoja anayekupenda, msome pamoja. Itauma. Lakini kuanzia siku hiyo kutakuwa na mtu mwingine anayekujua, mbali na kampuni.